Mkono Hadi Kiwikoni

Usiku wa kwanza niliingia na sigma,
ile herufi ya Kigiriki iliyovunjika mgongo,
nikaichora ubaoni kubwa kama mlango,
na kando yake nikapanga fomula
kama mtu anayeanika nguo za wageni.
Somo: Utangulizi wa Takwimu.
Mahali: Oruro, chumba cha juu cha chuo cha jioni,
mita elfu tatu na mia saba juu ya bahari tusiyoiona,
ambako hata chaki hupumua kwa taabu.

Niliuliza, "Tuko pamoja?"
Rosmery wa dawati la mbele akaitikia kwa kichwa.
Niliuliza tena, akaitikia tena.
Nikaenda nyumbani nimeridhika,
vidole vyeupe, roho nyeupe.

Jumatatu ya pili walikuja ishirini na sita.
Ya tatu, kumi na tisa.
Mlinzi wa lango, ajuaye kuhesabu watu kuliko mimi,
aliniambia, "Profesa, wanashuka ngazi kimya
kama watu waliotoka kumwona mgonjwa."

Ndipo nikanunua gunia.

Chunyo: viazi vilivyolazwa nje usiku kwenye jalidi,
vikakanyagwa kwa miguu mitupu hadi vikatoa maji yote,
vyepesi, vyeusi, vigumu kama kokoto.
Nikalitua mezani, vumbi likatimka.
"Nataka kujua kiazi cha humu kina uzito gani.
Kuvipima vyote kutatukesha. Nifanyeje?"
Rosmery akachukua vitano vya juu, akaviweka kwenye mizani.
Huko nyuma mtu akacheka.

Alikuwa Primitiva Huarachi, mchuuzi wa sokoni,
ambaye tangu muhula uanze alifungua kinywa kwa miayo tu.
"Utaibiwa, binti," alisema, akija huku anakunja mkono wa sweta.
"Mimi ndiye ninayeuza. Vikubwa tunaweka juu."
Akazamisha mkono hadi kiwikoni,
akakoroga, akatoa ngumi ya viazi vidogo kama gololi,
akazamisha tena pembeni, tena chini kabisa.
"Haya. Sasa pima."

Jambo hilo nilikuwa na jina lake,
ukurasa wa arobaini na moja wa daftari langu,
sampuli nasibu, fasili ya mistari minne.
Nililiandika ubaoni baada yake, kwa herufi ndogo,
kama anayempa jina mtoto aliyekwisha kutembea.

Njiani kurudi, baridi ikinitafuna masikio,
aibu ikanikuta penye taa za barabarani:
Rosmery. Rosmery wa dawati la mbele.
Wiki tatu nilikuwa nikipima vya juu.

Basi Jumatatu iliyofuata nilianzia nyuma,
kwa Mzee Eusebio Colque, mchimba bati mstaafu.
"Wastani," nikamwambia, "unakukumbusha nini?"
Hakujibu. Nikangoja.
Kungoja hakumo kwenye mtaala.
Bomba likagonga ukutani, likanyamaza, likagonga.
Kisha akasema, kofia magotini:

"Tulikuwa tisa kikosini, wastani wetu miaka arobaini.
Mwamba ukamchukua Wilber, wa kumi na minane.
Jana nimepiga hesabu, nikarudia.
Tuliobaki wanane, wastani ulipanda
hadi karibu arobaini na mitatu, kwa alasiri moja.
Je, profesa, tulizeeka?"

Hakuna aliyeandika.
Halafu wote wakaandika.
Primitiva alitaka kujua kama Wilber anahesabiwa bado,
na ni nani mwenye kuamua.
Rosmery akasema, "Sielewi,"
mara yake ya kwanza,
nami nikaona ni afadhali neno hilo
kuliko vichwa vyote nilivyoitikiwa.
Tulikaa hadi mlinzi akaja akitikisa funguo.

Swali lingali ubaoni, kona ya kushoto.
Kila zamu ya kufuta ikifika,
mwenye kitambaa huizoa sigma, huzizoa namba,
hulizunguka lile, taratibu,
huliacha.